Mwongozo wa kuukagua udongo wa mjini kabla ya kuulima au kuwaachia watoto wauchezee

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliye na tuta la mchicha nyuma ya nyumba yake mjini, mkulima wa bondeni anayemwagilia kwa maji ya mto uliokwisha kupita viwandani, mwalimu mkuu ambaye wanafunzi wake hucheza kwenye uwanja usio na nyasi, na yeyote anayekusudia kununua kiwanja mahali ambapo zamani palikuwa na karakana. Wote hawa wana swali moja: je, udongo huu una metali nzito, yaani risasi, kadimi, aseniki, kromiamu au zebaki, kwa kiasi cha kudhuru, na kama unazo, nifanye nini ilhali sina uwezo wa kuhama?

Metali nzito hazifanani na uchafu mwingine wa mjini. Mafuta ya gari yaliyomwagika huliwa na vijidudu vya udongoni kidogokidogo, na mabaki ya jikoni huoza yakawa mboji, lakini risasi haiozi wala haiungui; ikichomwa hubadili umbo tu, ikawa moshi na vumbi, kisha ikatua tena. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi ilipofika mwanzo wa mwaka 2006, lakini risasi iliyotoka kwenye mabomba ya moshi kwa miongo kadhaa kabla ya hapo ingali kwenye tabaka la juu la udongo kando ya barabara kongwe.

Kabla ya kuingia katika hatua zenyewe, kuna tofauti moja ambayo inapaswa kueleweka vizuri, kwa sababu ndiyo inayoamua kazi ipi itangulie. Risasi hung'ang'ania chembe za udongo, na mizizi ya mimea huivuta kwa kiasi kidogo. Inamfikia mtu zaidi kwa vumbi, kwa mikono ya mtoto inayoingia mdomoni, na kwa udongo uliorukia majani ya mboga. Kadimi hufanya kinyume chake: huyeyuka kwa urahisi katika maji ya udongo, hupanda kwenye mizizi na kujikusanya katika majani, wala hakuna kuosha kutakakoiondoa humo. Kwa hiyo anayekabiliana na risasi anapigana kwanza na vumbi, na anayekabiliana na kadimi anapaswa kufikiria zao analopanda na uchachu wa udongo wake.

Hatua ya kwanza: kuuliza historia ya mahali

Hatua hii haina gharama, na kwa maoni yangu ina thamani kuliko kipimo kimoja cha maabara kilichochukuliwa pasipo kujua pa kuchimba. Watafute wakazi wa siku nyingi, mjumbe wa nyumba kumi au mzee wa mtaa, na uwaulize kiwanja kilitumikaje miaka ishirini au thelathini iliyopita. Maswali yawe mahususi. Je, palikuwa na gereji bubu, fundi betri, fundi wa kuchomelea au mpaka rangi za magari? Je, kuna mtu aliyekuwa akinunua vyuma chakavu, au vijana waliokuwa wakichoma nyaya za umeme ili wapate shaba? Maganda ya plastiki ya nyaya nyingi hutiwa viambata vya risasi, na mahali palipochomwa nyaya mara kwa mara huwa na udongo mchafu hata baada ya majivu kupeperushwa. Katika miji ya pwani uliza pia kama palikuwa na mtu aliyeyeyusha risasi ya betri kuukuu ili kutengeneza chubwi za nyavu na mishipi, kwa kuwa kazi hiyo hufanyika uani, kwenye moto wa kawaida, karibu na watoto.

Betri za magari zinastahili uzito wa pekee. Sehemu kubwa ya uzito wa betri hizo ni risasi, na maji yake ni asidi yenye vumbi la risasi ndani yake. Fundi anayezipasua na kuyamwaga maji hayo chini anaweza kuuharibu udongo wa ua mzima kwa kazi ya miezi michache. Katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, pembeni mwa Dakar nchini Senegal, watoto 18 walifariki kati ya mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008 baada ya wakazi kuchekecha udongo wa mahali palipokuwa pakipasuliwa betri ili kuokota risasi iliyobaki.

Madampo ya zamani ni jambo la pili la kuulizia. Jijini Dar es Salaam, Tabata, Vingunguti na Mtoni zote zimewahi kuwa na dampo kabla taka hazijahamishiwa Pugu Kinyamwezi, na si kila aliyejenga jirani anaijua historia hiyo. Kuhusu Dandora, jijini Nairobi, utafiti uliotolewa mwaka 2007 na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira uliwapima watoto 328 waliokuwa wakiishi au kusoma karibu na dampo, na nusu yao walikuwa na risasi katika damu kwa kiasi kilichofikia au kuzidi mikrogramu 10 kwa desilita, ambacho wakati huo ndicho kilichohesabiwa kuwa kiwango cha hatari.

Mwisho, tazama mkondo wa maji. Mto Msimbazi wa Dar es Salaam hushuka kutoka vilima vya Pugu, ukapita kwenye maeneo ya viwanda na machinjio kabla ya kufika Jangwani na kumwaga baharini. Mafuriko yanapotanda bondeni huacha tope jipya juu ya matuta, na tope hilo ndilo lililobeba taka za juu. Mkulima wa bondeni anapaswa kuhesabu kwamba historia ya udongo wake inajumuisha historia ya kila karakana iliyo juu yake.

Hatua ya pili: kutoyaamini macho

Udongo wenye risasi hauna harufu wala rangi yake, na mchicha unaweza kustawi vizuri kabisa juu yake, ukawa na majani mapana yanayovutia wanunuzi. Zinki na shaba zikizidi sana huudumaza mmea na kuutia umanjano, lakini kadimi na risasi huwadhuru walaji kabla mmea haujaonyesha dalili yoyote. Macho yanafaa kutambua vyanzo tu: vipande vya maganda ya betri, majivu meusi yenye nyuzi za waya, magamba ya rangi chini ya ukuta mkuukuu, na nguzo zilizotiwa dawa ya kijani kuzuia mchwa. Dawa iliyotumika sana kwa nguzo hizo ina kromiamu, shaba na aseniki, kwa hiyo mabaki yake hayafai kuzungushia matuta ya mboga, wala kuni zake hazifai jikoni.

Hatua ya tatu: kufunika udongo ulio wazi, hata kabla ya kupima

Watu wengi hungoja majibu ya maabara ndipo wachukue hatua. Huku ni kuchelewa bila sababu, kwa kuwa kufunika udongo hakudhuru kitu hata kama utakutwa safi. Panda ukoka au nyasi nyingine zinazotambaa mahali watoto wanapochezea. Pasipoota nyasi, tandaza kokoto, mchanga uliotoka mahali panapojulikana, au matabaka ya maganda ya nazi na pumba. Sehemu iliyo chini ya mchirizi wa paa na ile inayopakana na barabara zifunikwe mwanzo, kwa maana huko ndiko rangi, kutu ya mabati na vumbi la magari hujikusanya.

Ndani ya nyumba, viatu viachwe mlangoni, na sakafu ipigwe deki kwa maji badala ya kufagiliwa kavu asubuhi, jambo ambalo hulirusha vumbi lote hewani na kulirudisha kwenye vyombo na magodoro. Ua nao unyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa.

Hatua ya nne: kuchukua sampuli

Sampuli mbaya hutoa jibu la uongo hata maabara ikiwa bora. Kigawe kiwanja katika sehemu kulingana na matumizi na historia: bustani ni sehemu moja, uwanja wa watoto ni nyingine, kando ya barabara ni ya tatu, na mahali unapopashuku, kama palipokuwa na fundi betri, ni sehemu yake peke yake. Usichanganye udongo wa mahali unapopashuku na wa mahali pengine, la sivyo uchafu wa pale utafichwa na usafi wa kwingine.

Katika kila sehemu chimba mahali kama kumi kwa njia ya kupindapinda. Kwenye bustani chukua udongo kuanzia juu hadi kina cha sentimita 15 au 20, ambamo mizizi mingi huishi. Kwenye uwanja wa watoto chukua sentimita chache za juu tu, kwa kuwa mtoto hagusi udongo wa chini. Tumia kijiko cha plastiki au cha chuma kisichoshika kutu, na ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati iliyopakwa zinki na jembe lililopakwa rangi vinaweza kuongeza metali kwenye sampuli. Changanya vizuri, ondoa mawe na mizizi, chukua takriban nusu kilo, anika kivulini, kisha tia katika mfuko safi ulioandikwa mahali, kina na tarehe.

Unapoipeleka maabara, taja kwa maandishi kwamba unataka kiasi cha jumla cha risasi, kadimi, aseniki, kromiamu, nikeli, shaba na zinki, pamoja na pH (kipimo cha uchachu; namba ikiwa ndogo, uchachu ni mwingi) na kiasi cha mboji. Kipimo cha kawaida cha rutuba, anachopewa mkulima anayetaka kujua mbolea ya kutumia, hakionyeshi risasi hata kidogo, na wengi wamerudi nyumbani wakiamini wamepima kumbe hawakupima. Zebaki hupimwa kwa njia yake ya pekee, kwa hiyo iombwe tu panapokuwa na sababu, kama vile mahali palipochenjuliwa dhahabu. Nchini Tanzania waweza kuulizia kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, au kituo cha utafiti wa udongo cha TARI Mlingano mkoani Tanga. Nchini Kenya kuna Mkemia wa Serikali na maabara za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo. Majirani watano wakichangia gharama ya sampuli zilizochaguliwa vizuri hupata picha ya mtaa mzima.

Hatua ya tano: kuyasoma majibu

Majibu huja kwa miligramu za metali katika kilo moja ya udongo mkavu, kipimo ambacho maabara nyingine huandika ppm. Ni kitu kilekile. Udongo usioguswa na shughuli za watu huwa na risasi ya takriban miligramu 10 hadi 50, na kadimi huwa chini ya miligramu 1. Kanuni za Tanzania za viwango vya ubora wa udongo za mwaka 2007 ziliweka ukomo wa miligramu 200 kwa risasi na miligramu 1 kwa kadimi. Marekani iliishi kwa miaka mingi na kiwango cha 400 cha risasi kwa maeneo ya makazi, hadi mwaka 2024 ilipokishusha kuwa 200.

Namba hizo zichukuliwe kama alama za njiani. Risasi ikiwa chini ya 50, lima kwa uangalifu wa kawaida. Ikiwa kati ya 50 na 200, endelea kulima, lakini fuata maelekezo yote ya hatua inayofuata na uwazuie watoto wadogo wasiuchezee udongo huo. Ikizidi 200, ningeacha mboga za majani na za mizizi ardhini na kubaki na mazao ya matunda. Ikizidi 400, nisingelima chakula chochote moja kwa moja ardhini, bali ningefunika kabisa na kulima juu yake kwa udongo ulioletwa. Kadimi ikizidi 1, mchicha na spinachi ziondoke, hata kama risasi ni ndogo.

Soma pH pamoja na namba hizo, kwani miligramu 1 ya kadimi katika kichanga chenye uchachu, kama kilichoko sehemu nyingi za pwani, humfikia mlaji zaidi kuliko kiasi hichohicho katika udongo wa mfinyanzi wenye mboji nyingi. Kuhusu kromiamu, kiasi cha jumla hakitoshi, kwa sababu kromiamu ya kawaida ya udongoni haina madhara makubwa, ilhali ile inayotoka katika viwanda vya kupaka metali, au inayozalika taka za kuchakata ngozi zinapochomwa, inaweza kusababisha saratani. Ukiwa jirani na viwanda vya aina hiyo, ombeni kipimo cha kuzitofautisha.

Hatua ya sita: kulima kwa tahadhari

Njia ya uhakika ni kuinua tuta. Tandaza chini gunia zito au kitambaa kinachopitisha maji, kisha jaza udongo safi wa sentimita 30 au zaidi. Bustani za magunia, ambazo wakazi wa Kibera wamezizoea, zinatimiza kazi hiyohiyo katika nafasi ndogo, kwa sharti kwamba udongo wa kujazia umetoka mahali panapojulikana. Udongo mweusi unaouzwa kwa bei ya chini huenda umechotwa dampo, na mboji iliyotengenezwa kwa taka mchanganyiko za mjini inaweza kuwa imebeba betri ndogo na vipande vya vifaa vya umeme. Tairi kuukuu na makopo ya rangi yabaki kwa maua.

Anayelazimika kulima ardhini aanze na pH. Ikipandishwa hadi kati ya 6.5 na 7 kwa chokaa ya kilimo, kadimi na risasi hushikwa na udongo na mmea hupata kidogo. Majivu ya kuni safi husaidia pia, ila yasiwe ya mbao zilizopakwa rangi, nguzo zilizotiwa dawa, au taka zilizochomwa. Ongeza samadi au mboji safi kila msimu. Mbolea za fosfeti huifunga risasi, lakini baadhi yake huja na kadimi, na pia zinaweza kuilegeza aseniki. Chokaa nayo huweza kuilegeza aseniki. Kwa hiyo majibu yakionyesha aseniki nyingi, usitumie tiba hizi kabla ya kupata ushauri wa mtaalamu wa udongo.

Halafu chagua zao. Nyanya, bamia, biringanya, pilipili, maboga na mahindi hupeleka metali kidogo sana katika tunda au punje, na matunda ya miti, kama papai na embe, ni salama zaidi. Mchicha, spinachi, sukuma wiki na matembele hubeba zaidi, na mchicha ni mkusanyaji hodari wa kadimi. Karoti, viazi na mihogo hugusa udongo moja kwa moja, kwa hiyo kumenya kunaondoa sehemu kubwa ya risasi. Weka matandazo ya majani makavu chini ya mimea ili mvua isirushe tope majanini, na panda ua wa miti au michongoma upande wa barabara kuzuia vumbi. Maji ya mto wa viwandani hurudisha kila wiki kile ulichojitahidi kukiondoa. Maji ya mvua au ya bomba, hata yakiwa machache, ni afadhali.

Kuku wa kienyeji wanahitaji uangalizi huohuo, kwa maana hudonoa udongo kutwa nzima na risasi huingia katika mayai. Wafungiwe kwenye banda lenye sakafu au udongo safi, na chakula chao kisimwagwe chini.

Baada ya kuvuna, ondoa majani ya chini yaliyogusa tope na uoshe kwa maji ya bomba yanayotiririka, kamwe isiwe kwa maji ya mtaro au mto unaomwagilia, kama ifanyikavyo katika mabonde mengi kabla mboga hazijapelekwa sokoni. Kuloweka kidogo katika maji yenye siki, vijiko viwili vya chai kwa lita moja, kisha kusuuza, huondoa vumbi zaidi. Kuchemsha hakuiharibu metali.

Hatua ya saba: kuwalinda watoto na wajawazito

Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na ubongo wake ungali unajengwa. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi katika damu kuwa salama, na mwongozo wake wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa pindi damu ikifika mikrogramu 5 kwa desilita. Mara nyingi hakuna dalili. Zikiwapo, ni maumivu ya tumbo, kukosa choo, upungufu wa damu, hasira zisizo na sababu na kuzorota kwa masomo, ambazo ni rahisi kuzidhania malaria au minyoo. Kwa hiyo mtoto aliyeishi karibu na fundi betri apimwe damu hata akionekana mzima. Dawa za kuitoa risasi mwilini hutolewa hospitalini kwa watoto wenye kiasi kikubwa, kwa kawaida kuanzia mikrogramu 45, na hazina maana kama mtoto anarudi kwenye ua uleule. Juisi zinazotangazwa kusafisha sumu mwilini hazifanyi kazi hiyo.

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na kucha zikatwe fupi. Upungufu wa madini ya chuma na kalisi huufanya mwili ufyonze risasi zaidi, hivyo dagaa, maziwa, maharage na matunda yenye vitamini C ni kinga ya kweli ingawa si kamili.

Mjamzito ana hatari mbili. Risasi iliyohifadhiwa katika mifupa yake tangu utotoni hutoka wakati wa ujauzito na kumfikia mtoto tumboni, na hamu ya kula udongo, uwe ule wa Pemba uuzwao sokoni au odowa ya Kenya, huongeza nyingine. Kuuchoma au kuuanika hakusaidii. Amwambie mhudumu wa kliniki waziwazi, kwa kuwa hamu hiyo huambatana na upungufu wa damu.

Hatua ya nane: kukizuia chanzo

Bustani safi jirani na tanuri la betri haidumu. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliendeshwa ukutani mwa nyumba za watu kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi humo, aliongoza wakazi kupinga baada ya mwanawe kukutwa na risasi mwilini, na mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya na udongo usafishwe. Kesi ikakatiwa rufaa na fidia ikatenguliwa, kisha Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Wakazi walikuwa na vipimo vya damu na vya udongo mikononi, kwa hiyo hifadhini majibu yenu yakiwa na tarehe na mahali. Malalamiko hupelekwa kwa mamlaka za mazingira: NEMC kwa Tanzania Bara, ZEMA kwa Zanzibar na NEMA kwa Kenya, kwa maandishi, nakala ikibaki kwenu.

Udongo mchafu uliochimbwa usitupwe bondeni wala mtaroni, kwa kuwa mvua itaufikisha mtoni, kwenye mikoko na kwa samaki na chaza wanaoliwa na watu wengine. Uwekwe mahali pamoja, ufunikwe, hadi mamlaka ielekeze. Baada ya mafuriko yoyote makubwa, rudia sampuli ya sentimita za juu kabla ya kupanda, kwa sababu tope lililoachwa na maji halijawahi kupimwa na mtu.